Vidole vya Miguu Havibangui Korosho

Msimu wa korosho ukiingia, mikono ya wanawake wengi wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, hubadilika rangi. Anayebangua nyumbani hukaa chini na jiwe na kigongo, korosho zilizokaangwa zikiwa kwenye ungo, na kila ganda linalopasuka humwachia mafuta yake mazito vidoleni. Wengine hujipaka majivu kwanza ili yasishike. Yanashika hata hivyo. Ngozi ya ncha za vidole huungua, hugeuka nyeusi, na baada ya siku kadhaa hubambuka yenyewe. Hakuna anayeshtuka, maana mikono ya namna hiyo imo katika kila nyumba.

Mama yangu mkubwa alikuwa na doa jeusi pembeni ya ukucha wa kidole cha pete. Wiki iliyofuata yakawa matatu. Tulipomuuliza alisema ni korosho, nasi tukaridhika. Alikuwa ameugua viungo kwa zaidi ya miaka kumi, vidole vimekwisha kulala upande, na mwaka ule alikuwa akimshukuru Mungu kwa kuwa maumivu yalikuwa yametulia kuliko wakati wowote. Jioni moja mjukuu wake alikuwa akimkata kucha za miguu barazani, akauliza: "Bibi, na huku miguuni nako unabangulia korosho?" Doa lilikuwa lile lile, dogo kama kichwa cha pini, pembeni ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Swali la yule mtoto ndilo lililonifanya niandike haya, kwa ajili yako wewe mwenye ugonjwa wa viungo wa miaka mingi, na kwa ajili ya wanaoishi nawe.

Hospitali huuita ugonjwa huo rumatoidi athraitisi. Mitaani tumeufunga tita moja na maradhi mengine yote ya viungo kwa jina la baridi yabisi, na jina hilo limetupotosha, kwa sababu mtu hudhani adui yake ni upepo wa Newala wa mwezi wa saba au maji ya alfajiri. Baridi huzidisha maumivu tu, haiuleti ugonjwa. Chanzo ni kinga ya mwili. Kinga hiyo, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo vyake. Ndiyo maana mikono yote miwili huvimba kwa pamoja, na asubuhi vidole hukakamaa saa nzima au zaidi kabla ya kukubali kushika kikombe.

Kwa wagonjwa wachache, aghalabu baada ya miaka kumi na kuendelea, mashambulizi hayo hufika kwenye kuta za mishipa ya damu. Madaktari huita hali hiyo vaskulaitisi. Ukuta wa mshipa huvimba, njia ya damu husongwa, na sehemu iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule hufa kwa kukosa damu. Mshipa ukiwa mwembamba kama unywele, kinachokufa ni kidoa cha pembeni ya ukucha. Ukiwa mnene zaidi, kinachokufa ni kipande cha ngozi ya kifundo cha mguu, au kidole kizima.

Lililo gumu kuamini ni kwamba viungo vyenyewe vinaweza kuwa vimetulia wakati huo. Mgonjwa anahisi nafuu, anapunguza kliniki, pengine ameacha dawa, kumbe moto umehama chumba. Mama mkubwa alikuwa hivyo. Walio hatarini zaidi ni wale wenye vinundu vigumu chini ya ngozi ya viwiko, wale ambao kipimo chao cha damu cha ugonjwa huu kilikuwa juu sana, na wavutaji wa sigara. Wanawake ndio wengi katika ugonjwa wa viungo, lakini mwanamume aliyeupata yuko karibu zaidi na balaa hili la mishipa. Katika nchi ambazo wagonjwa huanzishiwa mapema dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe, hali hii imepungua sana. Kwetu, ambako wengi humaliza miaka mingi kwa vidonge vya maumivu peke yake, sioni sababu ya kujihesabu tumekwisha vuka.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya watu wa kusini, na lina historia yake. Mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Makonde ulipigwa na homa ambayo haikuwa imeelezwa popote katika vitabu vya tiba kwa jina lake mwenyewe. Watu waliamka wazima na kufikia jioni hawawezi kunyooka. Daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na kirusi chenyewe kilipatikana Newala mwaka 1953 kwa kazi ya R. W. Ross. Jina walilichukua kwa Wamakonde wenyewe: chikungunya, kile kinachomkunja mtu. Uwanda ulikuwa na shida kubwa ya maji, kila nyumba ikihifadhi maji mitungini, na mbu aina ya Aedes aliona makao. Kirusi hicho kilisikika tena kwa kishindo Lamu mwaka 2004, kikavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi na Asia, na mwaka 2013 kikaingia visiwa vya Karibi. Neno la Kimakonde sasa linatamkwa na madaktari wa dunia nzima.

Nalieleza hilo kwa sababu watu wetu, wakiambiwa viungo, huiwaza chikungunya kwanza, na wana haki. Chikungunya huanza ghafla na homa kali, mara nyingi zaidi ya mtu mmoja nyumbani au mtaani, na vipele huweza kutoka. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Wengine hubaki na maumivu kwa miezi, hata miaka. Lakini haina desturi ya kutoboa kifundo cha mguu wala kukausha ncha ya kidole. Kwa hiyo nakuomba ushike mambo mawili. Viungo vikivimba zaidi ya wiki sita, usikubali kuambiwa kila mara kwamba ni homa iliyoacha mabaki; omba vipimo. Na ukiwa tayari una ugonjwa wa viungo, jifunze kuikagua ngozi yako.

Kuikagua ngozi nyeusi kuna namna yake. Maelezo mengi ya maradhi ya ngozi yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, yakasema "wekundu". Kwetu wekundu huo huonekana kama zambarau iliyokolea, kahawia, au weusi unaozidi weusi wa ngozi ya jirani. Kaa mahali penye mwanga wa mchana, si chini ya taa. Anza na viganja na nyayo, maana huko rangi hujitokeza vizuri, kisha mizunguko ya kucha zote ishirini, kisha miguu kuanzia goti kushuka. Pitisha ncha za vidole taratibu juu ya kila doa: madoa ya vaskulaitisi mara nyingi hunyanyuka kidogo, yanapapasika. Ukiwa na glasi angavu, ikandamize juu ya doa. Doa likififia, damu bado iko ndani ya mishipa. Likibaki vile vile, damu imevuja, na hilo ni la kumpelekea daktari.

Alama ya korosho unaitambuaje? Hukaa pale ganda linapogusa, yaani tumboni mwa vidole na kiganjani, imetanda, na inabambuka kwa siku zake. Doa la mishipa ni dogo, liko pembeni au chini ya ukucha, linaweza kuuma likibonyezwa, na hutokea hata kwa asiyebangua. Miguuni, kama alivyoona yule mtoto, korosho haina kisingizio. Vidoa hivi vya kucha vikiwa peke yake, mgonjwa hana homa wala hajapungua mwili, mara nyingi si hatari kubwa, na daktari anaweza kuamua kuvifuatilia tu huku akiirekebisha dawa ya viungo. Uamuzi huo ni wake. Usiufanye wewe barazani.

Kidonda ndicho kinachonipa hofu zaidi. Huanza kama lengelenge au alama ya zambarau karibu na kifundo cha mguu, mara nyingi upande wa nje, au juu ya unyayo. Ndani ya siku chache ngozi inakuwa nyeusi, inazama, kinabaki kishimo chenye kingo zilizosimama kana kwamba kimetobolewa na patasi. Kinauma kupita ukubwa wake, usiku hasa. Na hapo ndipo kila mtu anapoleta jina lake. Mmoja anasema donda ndugu, mwingine kisukari, mwingine anakumbuka njia aliyopita mgonjwa siku ile akasema amekanyaga kitu kibaya alichotegewa.

Simdharau anayewaza hivyo. Kidonda kisichopona kinatafuta maelezo. Ninachoomba ni kimoja: mguu huo usichanjwe chale. Ngozi ambayo haipati damu ya kutosha haina uwezo wa kufunga jeraha jipya, na kila wembe unaopita pale unaongeza kidonda. Ukoo ukikaa, mjomba aliye na kauli ya mwisho aambiwe jambo hilo waziwazi kabla ya shughuli yoyote, kwamba mgonjwa huyu atafika hospitali wiki hii. Nimeona wajomba wakielewa upesi kuliko tulivyowadhania, wakishaonyeshwa kidonda chenyewe.

Jambo jingine ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kidondani. Unga ule hukauka ukawa gamba, usaha unajificha chini, na ngozi inaweza kuudhika zaidi. Unga wa betri, spiriti na majani yaliyotwangwa yanaua hata ile nyama changa inayojitahidi kuota. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Najua maji ni ghali uwandani wakati wa kiangazi, lakini hayo ni nusu lita tu. Funika kwa gozi safi iliyopakwa vaselini ili isigande, na siku ya kuibandua iloweshe kwanza, usiivute kavu. Bendeji iwe ya kushikilia tu, isibane: kubana kunasaidia vidonda vya mishipa ya vena, ila mguu wenye upungufu wa damu ukibanwa unaumia. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Kituoni, usiseme tu "nina kidonda". Sema: nina ugonjwa wa viungo tangu mwaka fulani, nimetumia dawa hizi, kidonda kimeanza tarehe hii, na nina madoa pembeni ya kucha. Sentensi hiyo inamwelekeza mhudumu mahali ambapo kidonda peke yake kisingemfikisha. Beba pakiti za dawa zote, hata za dukani. Piga picha ya kidonda kwa simu kila baada ya siku tatu, ukiweka sarafu ya shilingi mia pembeni ili ukubwa wake ulinganishwe. Picha nne za namna hiyo zina maelezo mengi kuliko dakika kumi za kusimulia.

Usishangae ukipimwa mambo mengi. Kidonda cha mguu kinaweza kuletwa na kisukari, selimundu, au vena zilizochoka. Kinaweza kuwa ukoma pia, ambao kusini haujaisha. Huo hutia ganzi, huweza kuumiza viungo na kuleta madoa, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Daktari atataka kupima virusi vya UKIMWI, homa ya ini, mkojo na figo. Akishuku vaskulaitisi, anaweza kuomba kukata kinyama kidogo cha ngozi kikaangaliwe kwa darubini. Ni kinyama cha ukubwa wa punje, chini ya ganzi, na ndicho kipimo kinachomaliza ubishi; usikikatae kwa hofu. Lakini ikiwa mtu anataka kukwangua na kukata kidonda kwa upana kabla ya utambuzi, muulize kwa heshima kama imefikiriwa kwamba ni ugonjwa wa kinga. Upo ugonjwa wa ngozi unaohusiana na maradhi ya viungo, ambao kila ukikatwa unapanuka.

Safari ya rufaa kutoka huku inajulikana. Walio Masasi wana Mkomaindo mjini na Ndanda kwenye barabara kuu; Newala wana hospitali yao ya wilaya; kutoka hapo ni Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, kisha Muhimbili. Ulizia mtaalamu wa ngozi. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha hata matabibu wasio madaktari, hivyo pengine mtaalamu wa ngozi yuko karibu nawe kuliko unavyodhani. Vipimo vya damu vya ugonjwa wa viungo havipo katika kila maabara. Afadhali kupiga simu kabla ya kupanda gari.

Yapo mambo ambayo hayangoji foleni ya rufaa: kidole kinachogeuka cheusi na kupoa, unyayo unaoanza kuburuta au kiganja kinacholegea ghafla kisiweze kunyanyuka, jicho jekundu lenye maumivu makali, mkojo wenye damu, kinyesi cheusi kama lami, maumivu ya kifua. Haya yana maana kwamba mishipa ya ndani imeguswa. Nenda siku hiyo hiyo.

Tiba inategemea ukubwa wa tatizo. Likiwa zito, mgonjwa hupewa predinisoloni ya kiwango cha juu pamoja na dawa kali kama saiklofosfamaidi au rituksimabu. Likiwa jepesi, huimarishiwa dawa za viungo kama methotreksati. Kuhusu predinisoloni nina uchungu. Nimekutana na watu waliouziwa dukani kwa miaka, bila cheti, kwa jina la "dawa ya mifupa", wakanenepa uso, wakapanda sukari, kisha siku fedha ilipokosekana wakaacha ghafla na kuanguka. Mwili uliozoea dawa hiyo huacha kutengeneza yake. Hushushwa polepole kwa maelekezo. Na kabla ya kupewa kwa wingi, mkumbushe daktari kuhusu kifua kikuu na minyoo, kwa sababu vyote viwili hupata nguvu kinga ikishashushwa.

Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Anayeimeza kila siku anaweza kufa. Chagua siku yako, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na umeze foliki asidi kama ulivyoelekezwa. Usichanganye na Septrini, ambayo huku tunainunua kama pipi. Zikikutana huweza kuzima utengenezaji wa damu. Mwanamke anayetarajia kupata mimba asiiguse methotreksati. Na najua mabibo yakiiva uraka, pombe yake, hunywewa karibu kila kijiji, lakini ini haliwezi kubeba uraka na dawa hii kwa pamoja, sembuse gongo. Sigara nayo iachwe. Hiyo huumiza mishipa ile ile tunayoihangaikia.

Mwezi wa sita na wa saba, upepo unapopanda kutoka bondeni upande wa Shimo la Mungu pale Newala, vaa soksi hata kama watu watakucheka. Ota moto kwa mbali, kwa kuwa mguu wenye ganzi huungua bila kujua. Ukikaa, nyanyua mguu juu ya kigoda.

Mama mkubwa alikubali kukatwa kinyama baada ya mjomba kwenda naye na kukaa nje ya mlango. Kidonda alichokuwa amekificha chini ya kanga, ambacho sote hatukukijua hadi siku ile ya kucha, kilikuwa kimeanza kuzidi sarafu. Sasa korosho anabangua binti yake. Yeye humeza kidonge chake kila Jumapili baada ya ibada, kisha mjukuu huleta karai, huiosha miguu ile, na huhesabu kucha kwa sauti kutoka moja hadi ishirini, akiinamia kila moja kama anayetafuta chawa.